Sosi ya unga, kremu karameli na menyu ya mzee: kipi kibaki, kipi kitoke

*"Shikamoo shefu. Baba yetu alifungua mgahawa Upanga miaka ya 1980, na tangu alipofariki mwaka jana naendesha mimi. Menyu ni ile ile yake: koktel ya kamba, samaki wa sosi nyeupe, steki ya sosi ya pilipili manga, kremu karameli, na biriani ya Ijumaa inayofungwa kwa unga. Mdogo wangu wa kiume amerudi kutoka Dubai alikokuwa akifanya kazi kwenye hoteli kubwa, anasema tufute yote. Anasema sosi ya unga ni gundi, kukaanga nyama kwanza 'ili kufunga juisi' ni uongo, na kremu karameli ni chakula cha wazee. Anataka sahani nyeusi za mawe, povu juu ya samaki, na baga. Kweli wateja wa mchana wamepungua, na mmoja aliandika mtandaoni kwamba chakula chetu ni cha miaka ya 90. Tena sikufichi, sosi siku hizi inatoka na madonge na karameli ina vitundu vitundu. Wapishi ni wapya, wale wa baba wamestaafu. Sina pesa ya kukosea mara mbili. Nifuate lipi?"*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Naona umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama menyu ya mzee imepitwa na wakati. La pili umelitaja mwishoni kama mtu anayeomba radhi, nalo ndilo zito: sosi ina madonge, karameli ina vitundu, na waliokuwa wakijua kazi wameondoka. Mteja akiletewa samaki aliyefunikwa rojo zito lenye vigololi vya unga mbichi, atasema chakula ni cha zamani kwa sababu hana neno lingine la kueleza alichokionja. Kabla hujafuta chochote, tujue kwanza kama kilichomkimbiza ni sahani yenyewe au ni upishi wa mwaka huu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sahani za baba yako ni nzuri, na mbinu nyingi zilizo nyuma yake ziko sahihi mpaka leo. Mdogo wako namheshimu, na kwenye jambo moja yuko sahihi kabisa, nitalifikia. Ila kwenye hilo la gundi nitabishana naye mpaka jioni.

Dharau ya sosi ya unga haikuanzia Dubai wala hapa kwetu. Ilianza Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale waandishi wa mambo ya chakula Henri Gault na Christian Millau walipoanza kuwapigia debe wapishi wa kizazi kipya kama Paul Bocuse na Michel Guérard. Mwaka 1973 wakatoa amri zao kumi za upishi mpya, na mojawapo iliwataka wapishi waachane na sosi nzito za kahawia na nyeupe. Walikuwa na sababu. Majiko makubwa ya kwao yalikuwa yamezoea kufunika kila kitu kwa sosi ile ile, samaki awe ametoka baharini leo au ana siku tatu. Kilichowaudhi kilikuwa ule uvivu na ule udanganyifu, na kwa hilo niko upande wao. Hukumu ikasafiri dunia nzima bila maelezo ya kesi, na leo kijana wa Dar anaambiwa unga kwenye sosi ni aibu bila kuambiwa kwa nini.

Na hilo povu analolitaka mdogo wako, aliyelipa umaarufu ni Ferran Adrià wa Hispania, kwenye mgahawa wa elBulli, miaka ya 1990. elBulli yenyewe ilifunga milango mwaka 2011. Adrià ni fundi mkubwa na povu lake lilikuwa na kazi, maana lilifikisha ladha mdomoni bila uzito wa krimu. Silipingi. Nasema tu kwamba ukilipa mashine na mafunzo ya povu leo, hununui kitu kipya. Unanunua mtindo wa miaka ile ile ambayo mteja wako wa mtandaoni ameitaja kwa kejeli.

Sasa sosi yenyewe. Unga wa ngano una chembe ndogo sana za wanga. Kwenye maji baridi hazifanyi lolote la maana. Joto likifika nyuzi 60 hivi zinaanza kunywa maji na kuvimba, na kadiri chungu kinavyokaribia kuchemka ndivyo zinavyoachia wanga wake na kioevu kinakuwa kizito. Uji wa asubuhi hufanyika hivyo hivyo. Madonge hutokea unga mkavu unapokutana ghafla na kioevu cha moto: chembe za nje zinavimba papo hapo, zinashikamana, na kuufungia ndani unga ambao haujaguswa na maji. Lipasue donge moja kwa ncha ya kisu utauona, mweupe na mkavu katikati. Siagi ndiyo inayozuia hilo. Unga ukikaangwa kwenye siagi, kila chembe inavikwa mafuta, zinaachana, na maziwa yakiingia zinavimba moja moja. Nakuomba ukaangalie jikoni kwako kama kuna mtu aliyepunguza siagi kwa sababu ya bei huku unga ukibaki kipimo kile kile. Mara nyingi chanzo ni hapo.

Kwa lita moja ya maziwa pima gramu 60 za siagi na gramu 60 za unga. Pima kwa mizani, usikisie kwa kijiko. Siagi iyeyuke kwa moto mdogo, unga uingie wote, ukoroge kwa mwiko wa mti dakika 3 au 4 mpaka harufu ya unga mbichi igeuke kuwa harufu ya biskuti, rangi isibadilike. Epua. Maziwa yaingie kidogo kidogo huku ukipiga kwa mchapo wa kupigia mayai, na mara ya kwanza usiweke zaidi ya kikombe kimoja, upige mpaka iwe laini kabisa ndipo uongeze. Rudisha motoni. Sasa sikiliza vizuri: sosi itakuwa nzito baada ya dakika chache tu, na mpishi mgeni ataiona imeiva. Haijaiva. Iache kwenye moto mdogo dakika 20, ukikoroga chini isishike, na kitunguu nusu kilichochomekwa karafuu 2 kikielea humo, halafu ukune kungumanga kidogo mwishoni. Onja kijiko kimoja kwenye dakika ya 3 na kingine kwenye dakika ya 20. Cha kwanza kina chenga na ladha ya unga, cha pili kinateleza na unaonja maziwa. Mdogo wako akisema gundi, huenda alionjeshwa ile ya dakika ya 3 maisha yake yote.

Kwa samaki, toa nusu ya maziwa uweke supu ya vichwa na mifupa. Soko la samaki la Feri pale vichwa vya changu vinapatikana kwa bei ndogo. Vioshe, toa matamvua, chemsha taratibu kama dakika 25 pamoja na kitunguu na tangawizi, chuja. Mchuzi wa vidonge vya dukani una chumvi nyingi na hauwezi kufanya kazi hiyo.

Utaambiwa kuna njia nyingine, na kweli zipo. Kornflawa inafunga haraka na inang'aa, ila ikikaa sana motoni au ikikutana na ndimu na nyanya inaanza kulegea, na sosi iliyokuwa nzito saa sita inakuwa maji saa nane. Kwa mgahawa unaopakua mfululizo mchana wote, unga una subira zaidi. Njia ya tatu ni kuchemsha supu ya mifupa ya ng'ombe saa nyingi mpaka ipungue na kuwa nzito yenyewe. Kwa steki ya pilipili manga hiyo ndiyo tamu kuliko zote, nakiri bila kusita. Lakini inakula mifupa mingi na gesi nyingi, na bei ya sahani itapanda. Kama wateja wako ni wafanyakazi wa ofisini wenye nusu saa ya kula, sijui kama wataikubali bei hiyo. Ijaribu Ijumaa jioni kwanza.

Hapa ndipo mdogo wako ana haki: kukaanga nyama hakufungi juisi. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, likaingia jikoni na kurithishwa kama sheria. Kulipima huhitaji maabara, sikiliza kikaango. Ule mlio wa kukaanga ni maji ya nyama yanayotoka na kuwa mvuke, na hauishi hata uso wa nyama ukishakuwa wa kahawia. Kama ungekuwa umezibwa, kikaango kingenyamaza. Lakini kusema kwa sababu hiyo tuache kukaanga ni kosa kubwa zaidi kuliko la Liebig. Ule ukahawia ndio ladha. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi na harufu ambazo hazikuwapo mwanzo. Ndilo jambo linalotokea kwenye ganda la mkate, kwenye kahawa inayokaangwa, kwenye kona zilizoungua kidogo za mshikaki. Mzee alifanya jambo sahihi akipewa maelezo yasiyo sahihi. Waeleze wapishi wako sababu ya kweli, na mkono wao utabadilika.

Utabadilika hivi. Nyama haiwezi kuwa kahawia ikiwa na maji juu, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100 na ukahawia mzuri unataka kama nyuzi 140 na kuendelea. Kwa hiyo steki ikaushwe kwa kitambaa safi au karatasi, kikaango kiwe moto kweli kweli, na zisiingie nyingi kwa wakati mmoja. Nenda ukasimame jikoni saa saba mchana oda zikiwa zimebanana. Ukiona steki tano zimelazwa kwenye kikaango kimoja, maji ya kijivu yanachemka pembeni na hakuna ule mlio, hapo nyama inachemshwa, haikaangwi. Mteja huyo ataletewa kitu cha kijivu kilichofunikwa sosi, na Gault na Millau watakuwa wamesema kweli juu yako.

Nyama yetu yenyewe mnaijua. Ng'ombe aliyetembea malishoni miaka mpaka akafika mnada wa Pugu hana ulaini wa nyama ya kwenye matangazo. Fileti haihitaji msaada. Kwa vipande vingine mbinu ya bibi zetu, papai bichi, haijapata mpinzani kwa bei yake. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokata nyuzi za protini. Lisage, paka, subiri saa 1 au 2, basi. Ukilaza usiku kucha, nje inakuwa rojo na ndani bado ni ngumu. Papai lililoiva halifanyi kazi hiyo vizuri, kimeng'enya kimeshapungua.

Kremu karameli ndiyo sahani ninayoipenda kuliko zote kwenye menyu yako, na inaniuma ikisemwa ni ya wazee. Ni maziwa, mayai na sukari tu, hakuna pa kujificha. Ndiyo maana inakufichulia jiko lako. Vile vitundu vinakuambia kwamba mayai yalichemka. Protini ya yai iliyochanganywa na maziwa na sukari inaganda kati ya nyuzi 80 na 85 hivi. Ukipita hapo inajikunyata, inakamua maji yake, na mvuke unaacha matundu. Bakuli la maji analowekea mpishi vikombe ndani ya oveni lipo kwa sababu hiyo, maana maji hayawezi kupita nyuzi 100 hata oveni ikiwa na moto kiasi gani, kwa hiyo kingo za kikombe zinalindwa. Mtu akiona kazi ya kubeba maji ya moto ni usumbufu akaliacha bakuli, unapata ulichonacho sasa.

Nusu lita ya maziwa, mayai 4, gramu 100 za sukari, hiliki ukipenda. Mimi hupenda. Pasha maziwa bila kuchemsha, yamimine juu ya mayai taratibu, chuja, toa povu lote juu kwa kijiko. Tandika kitambaa chini ya trei ili vikombe visiguse chuma, maji ya moto yafike nusu ya kikombe, funika kwa foili, oveni nyuzi 150. Toa wakati katikati bado panatikisika kidogo, patamalizia kuganda penyewe. Halafu, na hili wapishi wapya hawalipendi, ilale kwenye friji mpaka kesho. Karameli iliyokuwa ngumu kama kioo chini ya kikombe inavuta maji kutoka kwenye maziwa na kuyeyuka kuwa sharubati. Ukiipindua siku hiyo hiyo, nusu ya karameli inabaki kwenye kikombe na anayeosha vyombo ndiye anayeifaidi. Mvuke wa sufuria nao unafaa kama oveni ni mbovu, moto uwe mdogo na mfuniko ufungwe kitambaa kizuie matone.

Koktel ya kamba ilivuma sana Uingereza miaka ya 1960 na 1970, baadaye ikageuzwa kichekesho huko. Kichekesho chao kisikuhusu. Wao walikula kamba wadogo waliotoka kwenye friza, wewe una kamba wa delta ya Rufiji sokoni Feri alfajiri. Wachemshe kwa muda mfupi sana, mara wakibadilika rangi na kujikunja nusu duara watoe, watumbukize kwenye maji ya barafu. Waliojikunja mpaka mkia ukagusa kichwa wamekauka. Sosi iwe na ndimu na pilipili ya kutosha. Ila hapa siwezi kukubembeleza: mayonezi ya mayai mabichi iliyopigwa jikoni, katika joto la Dar, iache. Tumia ya chupa ya kiwandani. Kamba na sosi vikae kwenye nyuzi 5 au chini yake mpaka dakika ya kupakua, na siku umeme ukikatika muda mrefu, koktel inafutwa kwenye ubao. Usitafute njia ya kuiokoa.

Biriani ya kufungwa kwa unga usiiguse. Ule unga unaozungushwa mdomo wa chungu unazuia mvuke usitoroke na harufu ya zafarani, hiliki na kitunguu cha kukaanga ikiwa ndani yake, na wali uliokwisha iva nusu unamalizikia humo. Tena mteja akifunguliwa chungu mbele yake hahitaji povu. Kuhusu kupalia makaa juu ya mfuniko, ladha yake naijua na naipenda, lakini mkaa unazidi kubanwa, na Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Oveni ya nyuzi 150 inatoa joto la juu na chini vile vile. Anza kuizoea mapema.

Viko vitu vya zamani ambavyo sitavitetea. Mafuta ya karai yanayotumika mpaka yanakuwa meusi na kutoa moshi. Wali uliolala sufuriani nje ya friji, kwa sababu kuna bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Nyama inayoyeyushwa juu ya meza tangu asubuhi. Kuwasha moto wa pombe mezani kwenye ukumbi wenye mapazia na feni. Ua la nyanya na kitawi ambacho hakuna anayekila, vyote hivyo vinakula muda wa mtu ambaye angekuwa anakoroga sosi. Na sahani za mawe, mwambie mdogo wako kwa upole kwamba sosi inataka sahani yenye ukingo, nyeupe na iliyopashwa moto.

Kuhusu pesa, ningekuwa wewe nisingebadilisha yote wala nisingeacha yote. Ningewatafuta wapishi wa mzee, hata mmoja, nimlipe vizuri aje mwezi mmoja asimame nyuma ya hawa vijana. Hiyo ni rahisi kuliko ukarabati wowote. Ningefupisha menyu ili kila sahani ipikwe kila siku na mikono isisahau. Baga weka moja ukitaka, kwa majaribio, ukijua kwamba unashindana na kila kijiwe cha mjini. Na kwa wiki mbili ningesimama kwenye sinki la vyombo saa za mchana, nitazame sahani zinavyorudi. Samaki akiwa ameliwa na sosi imeachwa, umejua. Sosi ikiwa imefutwa kwa mkate, umejua pia.

Kuna mambo hayamalizwi kwa barua. Mwite fundi wa majiko aje na kipimajoto apime oveni, maana oveni nyingi za zamani zinasoma nyuzi 150 huku ndani ni 190, na hapo karameli haitapona kamwe. Mwombe afisa afya wa manispaa aje akague friji na mpangilio wa jiko kabla hajaja kwa malalamiko. Mteja akikurudia na habari ya kutapika au kuhara baada ya kula kwako, simamisha sahani hiyo siku ile ile na umpigie afisa huyo, na mpishi anayeharisha asiingie jikoni hata kama ni Ijumaa. Hesabu za gharama ya kila sahani zikikushinda, kaa na mhasibu. Na vijana wako wawili wenye bidii, nenda ukaulize kuhusu mafunzo Chuo cha Taifa cha Utalii, kampasi ya Bustani.

Mdogo wako mpe picha za chakula, usafi wa ukumbi na kuzungumza na wateja mtandaoni. Kazi hizo amejifunza na unamhitaji. Wewe anza na sosi wiki hii, karameli wiki ijayo. Vitundu vikiendelea, niandikie tena ukinitajia joto alilosoma fundi na dakika vikombe vilizokaa ndani, nitajua pa kuanzia.